Mzigo Niliolipia Fedha Zake: Utangulizi wa Viambishi na Virejeshi vya Kituruki

Boksi la nguo linalofika Kariakoo kutoka Istanbul mara nyingi limebandikwa karatasi yenye maneno mawili ambayo mwenye mzigo hana haja ya kuyasoma, maana jina lake na namba yake ya simu vinamtosha: GÖNDEREN na ALICI. La kwanza ni mtumaji, la pili ni mpokeaji. Lakini anayejifunza Kituruki akilitazama vizuri lile la kwanza atakuwa ameshaliona somo tunalolianza hapa. Gönder- ni mzizi wa kitenzi, maana yake "tuma". Kile kipande cha -en kinafanya kazi inayofanywa na -ye- katika "aliyetuma". Hakuna neno lililosimama mahali pa "ambaye", hakuna kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Mzizi mmoja na kiambishi kimoja vimetosha kuunda kishazi rejeshi kizima, tena kinachoweza kujitegemea kama nomino, kama nasi tunavyouliza, "Aliyetuma ni nani?"

Karibu, basi, katika sarufi ya Kituruki. Utangulizi huu nimeuandika nikimfikiria msomaji wa Kiwalani, awe wa Bombom au wa Minazi Mirefu, kwa sababu huko Kituruki hakiko mbali. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ni jirani, na ndege za Turkish Airlines zinaondoka hapo kwenda Istanbul. Wapo wanaozipanda kwenda Laleli na Merter kuchukua mzigo wa nguo. Wapo vijana wanaoomba ufadhili wa Türkiye Bursları, ambao ukiupata unasomeshwa lugha kwanza, kwa kawaida mwaka mzima, ndipo uingie kwenye masomo yenyewe. Wapo mafundi waliofanya kazi chini ya wasimamizi Waturuki tangu kampuni ya Yapı Merkezi ilipoanza kujenga reli ya SGR mwaka 2017. Wote hawa wanahitaji sarufi iliyoandikwa kuanzia pale walipo.

Vitabu vingi vya kufundishia Kituruki vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, na mwandishi wake huanza kwa kumtayarisha mwanafunzi kisaikolojia: neno moja, viambishi sita! Kwa Mswahili woga huo hauna msingi. Mtu anayesema "hatukuandikishwa" bila kuvuta pumzi hawezi kutishwa na urefu wa neno. Kinachomsumbua Mswahili ni mpangilio. Kituruki kinaweka mwisho kile tunachokiweka sisi mwanzo. Ndani ya neno moja jambo hilo ni dogo. Likifika kwenye kishazi rejeshi linakuwa kubwa, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Hoja yangu ni moja: Kiswahili chenyewe kina vifaa vya kuuvuka ugumu huo, ila si vile tunavyovikimbilia kwanza.

Tuanze na viambishi, na tuanze na jina la mtaa.

Sisi tuna kiambishi tamati kimoja cha mahali, yaani -ni, na tumekibebesha kazi zote. Yupo nyumbani, anakwenda nyumbani, anatoka nyumbani. Kitenzi ndicho kinachotueleza mtu anaelekea wapi. Kituruki kimezigawa kazi hizo tatu. Ev ni nyumba. Evde ni kuwapo nyumbani, eve ni kwenda, evden ni kutoka. Majina ya mahali yanafuata njia hiyohiyo: Kiwalani'de, Kiwalani'ye, Kiwalani'den. Ile alama ya juu inatenga jina maalumu na kiambishi chake, na y ya Kiwalani'ye imeingia ili irabu mbili zisigongane. Ukiulizwa "Nerede oturuyorsun?" jibu ni "Kiwalani'de oturuyorum", nakaa Kiwalani. Nakipenda sana kitenzi hiki, oturmak, kwa sababu kina maana zilezile mbili za "kukaa" kwetu: kukaa kwenye kiti na kukaa mtaani.

Tuendelee. Kiwalanili ni mtu wa Kiwalani. Kiwalanililer ni watu wa Kiwalani. Kiwalaniliyim: mimi ni mtu wa Kiwalani. Sasa rudi kwenye Kiwalani'de, uongeze -ki mwishoni, kisha utaje nyumba: Kiwalani'deki ev, nyumba iliyoko Kiwalani. Hapo pana jambo la kutazama. "Iliyoko" yetu ni kirejeshi kamili, i-li-yo-ko, na Kituruki kimeipata maana hiyohiyo kwa kubandika -ki juu ya kiambishi cha mahali. Ukipenda kwenda mbali zaidi, chukua evlerimizdekiler. Ev ni nyumba, -ler ni wingi, -imiz ni yetu, -de ni mahali, -ki ni ile "-lioko", na -ler ya mwisho ni wingi tena, safari hii wa watu. Walioko majumbani kwetu. Vipande karibu vyote vipo katika lugha zote mbili. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuvipanga.

Msomaji makini atauliza mbona tunaandika Kiwalani'de lakini Kariakoo'da. Jibu ni tangamano la irabu. Kituruki kina irabu nane. Nne hutamkwa ulimi ukiwa mbele: e, i, ö, ü. Nne nyingine ulimi ukiwa nyuma: a, ı, o, u. Kiambishi hakina irabu yake ya kudumu. Huifuata irabu ya mwisho ya neno kinalobandikwa. Kiwalani na Temeke zinaishia na irabu za mbele, kwa hiyo Kiwalani'de, Temeke'de. Kariakoo, Mbagala na Pugu zinaishia na za nyuma, kwa hiyo Kariakoo'da, Mbagala'da, Pugu'da. Viambishi vingine hutazama pia kama midomo imeviringwa: mtu wa Kiwalani ni Kiwalanili, wa Dodoma ni Dodomalı, wa Morogoro ni Morogorolu, na köy, yaani kijiji, hutoa köylü, mwanakijiji.

Wanafunzi wa Ulaya huambiwa kwamba hili ni ajabu kubwa. Mswahili analo kinywani tangu utotoni. Piga, pigia; kata, katia; funga, fungia. Lakini soma, somea, leta, letea. Andika, andikisha; lakini soma, somesha. Hakuna mzazi aliyemkalisha mtoto chini akamweleza kwamba mzizi wenye e au o unadai -e- na mizizi mingine inadai -i-, na mtoto hakosei. Kituruki kimeichukua tabia hiyo kikaieneza karibu kwenye viambishi vyote. Kwa hiyo kanuni si ngeni. Kinachotaka mazoezi ni sauti. Kuipata ı, anza kusema "u" kisha iachie midomo ilegee kama ya "i". Kuipata ü, sema "i" huku umeviringa midomo. Kuipata ö, sema "e" kwa midomo hiyohiyo ya kuviringa. Konsonanti ni nyepesi: c ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh, na ğ kwa kawaida hurefusha irabu iliyotangulia.

Alfabeti hii ya Kilatini, yenye herufi 29, ilipitishwa kwa sheria mwaka 1928, wakati wa Atatürk. Kabla ya hapo Kituruki kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama Kiswahili cha pwani kilivyoandikwa kwa karne nyingi, na irabu nane zilikuwa zikibanwa katika herufi chache mno. Mwaka huohuo wa 1928 ndipo mkutano wa Mombasa ulipoichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha hizi mbili ziliingia katika matengenezo makubwa wakati mmoja, na kila moja ilikuja na shehena yake ya maneno ya Kiarabu. Ndiyo maana siku ya kwanza darasani Mswahili anakuta kitap, saat, dakika, hesap, haber, kalem, sabun na dünya, asihitaji kamusi.

Vitenzi navyo vinatupokea vizuri. Chukua sentensi ya kawaida: mtoto hakuandikishwa shule. Kwa Kituruki: çocuk okula yazdırılmadı. Yaz- ni andika. -dır- ni kauli ya kutendesha, -ish- yetu. -ıl- ni kauli ya kutendwa, -w- yetu. -ma- ni ukanushi, -dı ni wakati uliopita. Linganisha ha-ku-andik-ish-w-a na yaz-dır-ıl-ma-dı. Mnyambuliko umepangwa sawasawa: mzizi, kisha kutendesha, kisha kutendwa. Hata wazo lenyewe ni moja, kwamba kumwingiza mtoto shule ni kumfanya aandikwe. Tofauti ni kwamba ukanushi na wakati sisi tumeutanguliza mbele ya mzizi, Waturuki wameuweka nyuma. Mtu aliyesoma kauli za vitenzi sekondari, akazikariri kwa ajili ya mtihani, anakuja Uturuki akiwa na nusu ya sarufi mkononi.

Sasa tunafika kwenye umiliki, na naomba msomaji asiharakishe hapa, maana kirejeshi cha Kituruki kimejengwa juu yake. Nyumba yangu ni evim. Yako ni evin, yake ni evi, yetu ni evimiz, yenu ni eviniz, yao ni evleri. Nasi tunazo nomino za namna hiyo, ingawa ni chache: mwanangu, mwenzio, mumewe, nduguye. Kwa Mturuki kila nomino inakwenda hivyo. Na mwenye mali akitajwa, alama zinawekwa pande zote mbili: Asha'nın evi, ni kama kusema "ya Asha, nyumba yake". Mitaani kwetu watu husema "Asha nyumba yake" na wanaeleweka vizuri kabisa.

Kiambishi hiki cha "-ake" kinaunganisha pia nomino mbili kuwa jina moja. Yapı Merkezi ni yapı, ujenzi, na merkez, kituo, pamoja na -i: kituo cha ujenzi. Jina la Kituruki la Turkish Airlines ni Türk Hava Yolları, ambamo hava ni ndugu wa hewa yetu, yol ni njia, -lar ni wingi, na -ı ndiyo hiyo "-ake". Tena kiambishi hiki kilifika kwetu zamani, kabla ya ndege na kabla ya reli mpya. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandikisha askari Wasudani huko Cairo kwa ajili ya jeshi la Wajerumani katika pwani yetu. Wasudani hao walitoka katika jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki, wakaja navyo: efendi, shaushi, ombasha. Ombasha ni onbaşı. On ni kumi, baş ni kichwa, -ı ni "-ake": mkuu wa kumi. Babu zetu waliotumikia jeshi hilo walilitamka neno lenye kiambishi cha umiliki cha Kituruki ndani yake, na afande tunayemwita mpaka leo ametoka katika nyumba hiyohiyo ya efendi.

Kwa nini, basi, Mturuki anaweka kila kitu nyuma? Mwaka 1963 Joseph Greenberg, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha utafiti uliolinganisha lugha 30 za dunia. Kiswahili kimo, Kimaasai kimo, Kituruki kimo. Aligundua kwamba mipangilio haitembei mmojammoja. Lugha inayoweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, kama Kituruki, huelekea pia kumweka mmiliki kabla ya mali, kutumia maneno ya mahali yanayofuata nomino, na kupendelea viambishi tamati. Lugha inayoweka kitenzi kabla ya shamirisho, kama Kiswahili, huelekea upande wa pili: nyumba ya Asha, katika nyumba, kitabu kizuri. Kirejeshi kimo katika safari hiyo. Kwetu nomino inatangulia na maelezo yake yanafuata. Kwa Mturuki maelezo yote yanatangulia na nomino inafunga. Huu ni mpangilio mmoja unaorudiwa katika ngazi zote za sarufi, na aliyeuelewa kwenye Asha'nın evi ameshauelewa kwenye sentensi ya mistari mitatu.

Kiswahili kina njia tatu za kurejesha. Kuna amba-: mtu ambaye anauza. Kuna o-rejeshi katikati ya kitenzi: mtu anayeuza. Na kuna o-rejeshi mwishoni: mtu auzaye. Mwanafunzi karibu kila mara hukimbilia ya kwanza, anatafuta katika Kituruki neno moja la kusimama mahali pa "ambaye", halipati, anachanganyikiwa. Lipo neno ki, lililotoka Kiajemi, lenye matumizi yake, lakini hiyo si njia kuu na mwanafunzi asianze nayo. Mimi nashauri amba- iwekwe kando kabisa katika miezi ya mwanzo. Kifaa kinachofaa ni kile tunachokiona cha kizamani, cha methali na vitabu vya dini: asomaye, auzaye, ajaye. Kinaishia kwa kiambishi. Hakina wakati. Ndivyo hasa zilivyo okuyan, satan, gelen. Gelen otobüs ni basi lijalo, au linalokuja, au lililokuja. Wakati unajulikana kwa mazingira. Ukanushi unaingia kati kama kawaida: gelmeyen, asiyekuja.

Na kuna nafuu moja kubwa. Kirejeshi chetu kinabeba ngeli: -ye, -cho, -lo, -zo, -po, -mo. Kituruki hakina ngeli hata moja. Satan ni auzaye, kiuzacho, liuzalo, yote pamoja. Nafuu hiyo ina gharama yake, kwa kuwa kwetu ngeli ndiyo inayoonyesha kirejeshi kinairudia nomino ipi, na Mturuki anategemea mpangilio peke yake.

Umbo hili la -en (au -an, tangamano likidai) ni la mtendaji. Anayerejeshwa ndiye aliyetenda: mtu aliyetuma, basi lililopita. Tunapotaka kurejesha kitu kilichotendwa, mambo yanabadilika. Katika Kiswahili mabadiliko ni madogo: kitabu nilichosoma. Tumebadilisha nafsi na ngeli, muundo umebaki uleule. Katika Kituruki -en haitumiki tena. Kinakuja kiambishi kingine, -dik, na juu yake kinakaa kiambishi cha umiliki: okuduğum kitap. Oku- ni soma. -Duk ni -dik iliyofuata tangamano, na k yake imelainika kuwa ğ kwa kuwa imekaa kati ya irabu mbili. -Um ni "-angu". Mwanafunzi anayetafuta hapo "nili-" hataipata. Ajisemee moyoni, "kitabu cha kusoma kwangu", na neno litakaa sawa. Msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu "kusoma kwangu", "kuja kwake", "kuondoka kwetu" ni miundo tunayoitumia kila siku. Tumezoea kulichukua tendo, kulifanya nomino, kisha kulipa mwenyewe. Mturuki amefanya hivyo tu, akaibandika nomino hiyo mbele ya kitabu.

Nafsi zote sita zinatoka palepale tulipozikuta kwenye nyumba. Evim, okuduğum. Evin, okuduğun. Evi, okuduğu. Evimiz, okuduğumuz. Eviniz, okuduğunuz. Evleri, okudukları. Mtendaji akitajwa kwa jina anapewa alama ya mmiliki, kama alivyopewa kwenye nyumba yake: Asha'nın aldığı elbise, gauni alilonunua Asha, au kwa sikio la Kituruki, gauni la kununua kwake Asha. Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasimame kidogo, walinganishe Asha'nın evi na Asha'nın aldığı. Ni muundo mmoja.

Je, wakati? -dik haitofautishi sasa na zamani. Okuduğum kitap ni kitabu nilichosoma na pia ninachosoma. Wengi hulalamika hapo, wanasema lugha imewanyima kitu. Lakini tazama kirejeshi chetu cha ukanushi: kitabu nisichokisoma. Wakati uko wapi? Haupo. Ni jana, ni leo, ni kila siku, na hatujawahi kuona kasoro. Wakati ujao tu ndio wenye umbo lake, -ecek au -acak: okuyacağım kitap, kitabu nitakachosoma.

Sasa twende Laleli. Umesimama mbele ya kaunta, muuzaji anakuita abla, dada, au abi, kaka, na akitaka kukulainisha zaidi, ablacığım, dada yangu mpenzi, viambishi viwili juu ya neno moja. Tofauti ya -en na -dik hapo inagusa fedha. Malı gönderen adam ni mtu aliyetuma mzigo. Malı gönderdiğim adam ni mtu niliyemtumia mzigo. Ukikosea kiambishi, mtumaji amekuwa mpokeaji. Aldığım mal ni mzigo niliochukua. Alacağım mal ni mzigo nitakaochukua. Almadığım mal ni mzigo nisiouchukua. Na maneno yanayohitajika kuliko yote siku ya kufunga hesabu: parasını ödediğim mal. Para ni fedha, parası ni fedha zake, yaani za huo mzigo, -nı inaonyesha ndizo zilizolipwa, ödediğim ni kulipa kwangu. Mzigo niliolipia fedha zake. Kiswahili kinatengeneza maana hiyo kwa kauli ya kutendea, lip-i-a. Kituruki kimetumia umiliki mara mbili.

Mfano huo unatuonyesha pia mahali ambapo Kituruki kinasema machache kuliko sisi. Sisi ni waangalifu: mtu niliyemtumia, basi nililokuja nalo, nyumba ninamokaa. -i- ya kutendea, "nalo", -mo-, kila uhusiano una alama yake. Mturuki anasema gönderdiğim adam, geldiğim otobüs, oturduğum ev, "wa kutuma kwangu, la kuja kwangu, ya kukaa kwangu", basi. Kama ulimtuma huyo mtu au ulimtumia kitu, kama ulikuja na basi au ulikuja kwa sababu yake, maneno ya jirani na akili ya msikilizaji vitaamua. Hii ndiyo sehemu inayodai uzoefu kuliko kanuni. Dawa yake ni kusoma maandishi mengi ya kawaida: maelezo ya bidhaa, ujumbe wa simu, matangazo ya stesheni.

Kanuni inayosaidia katika kusoma ni kuanzia mwisho. Tazama maneno haya kwa utulivu: dün Laleli'de gördüğüm elbiseyi satan adam. Neno la mwisho ni adam, mtu. Rudi nyuma: satan, auzaye. Elbiseyi, gauni. Gördüğüm, nililoliona. Laleli'de, Laleli. Dün, jana. Mtu auzaye gauni nililoliona Laleli jana. Maneno sita kwa sita, na hakuna hata moja lililohama. Mstari wote umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo. Si kila sentensi itakayokubali kwa usafi huu, lakini zinazokubali ni nyingi kuliko anavyotarajia mgeni, na kila ukikwama katika sentensi ndefu hii ndiyo hatua ya kwanza: tafuta nomino iliyofunga, kisha tembea kinyumenyume.

Uzuri wa -dik ni kwamba haikomei kwenye nomino. Sisi tunasema "nilipofika", na -po- hiyo ni o-rejeshi ya mahali iliyopewa kazi ya wakati. Mturuki anasema vardığımda: var- fika, -dığ-, -ım "-angu", -da ile ya Kiwalani'de kwa sura ya irabu za nyuma. "Katika kufika kwangu." Tunasema "kama nilivyosema", yeye anasema dediğim gibi, na gibi ni "kama" iliyokuja nyuma. Tunasema "sikuelewa alichosema", yeye dediğini anlamadım. Kila mahali ambapo Kiswahili kinatia -po-, -vyo-, -cho-, uwezekano ni mkubwa kwamba Kituruki kina -dik na umiliki, na mwanafunzi anayelijua hili anaweza kubuni sentensi sahihi ambayo hajawahi kuisikia.

Hata "kwamba" ina mwenzake. Neno letu limetokana na kitenzi cha kale kuamba, yaani kusema, na amba- yenyewe imetoka hukohuko. Mturuki ana diye, iliyotokana na demek, kusema: geleceğim diye haber gönderdi, alituma habari kwamba atakuja. Ila njia anayoipenda zaidi ni ileile ya kuligeuza tendo kuwa mali ya mtu: geleceğini söyledi, alisema atakuja, neno kwa neno "kuja kwake baadaye alikusema". Wazo kamili limeingia ndani ya nomino moja yenye mmiliki, nomino hiyo ikawa shamirisho la "alisema". Aliyeweza kirejeshi atakuta maneno ya kuripoti yameshakuja yenyewe, na ndiyo maana kitabu hiki kimekitanguliza kirejeshi mapema kuliko ilivyo desturi, kabla hata ya nyakati zote za kitenzi kwisha.

Vitenzi vya kuanzia nimevichagua vitano, vile visivyokosekana safarini na dukani: al-, chukua au nunua, sat-, uza, gönder-, tuma, öde-, lipa, gel-, njoo. Kila kimoja kipewe kwanza -en, kisha -dik kwa nafsi zote sita, kisha -ecek kwa nafsi zilezile, kwa sauti, mpaka tangamano la irabu lijipange bila kufikiri. Angalia gel- na öde-, ambazo ni za mbele: gelen, geldiğim, geleceğim, ödeyen, ödediğim, ödeyeceğim. Kisha al- na sat-, za nyuma: alan, aldığım, alacağım, satan, sattığım, satacağım. Katika sattığım d imekuwa t kwa sababu imekutana na konsonanti isiyo na mghuno, na sura ya kwanza inaanza hapo.